Bakigamoni: mchezaji aliye nyuma achague njia gani?

Mchezaji mmoja anatupa dadu, anapata 2 na 1. Mwenzake anatupa, anapata 6 na 6. Zamu ingine, vilevile. Baada ya muda kidogo mmoja eko mbali mbele, na yule wa nyuma anaanza kusogeza kete bila kufikiri. Moyoni anasema: "Imekwisha, dadu zimenikataa." Hapo njo anashindwa kweli. Si dadu peke yake zimemshinda, ni kwamba ameacha kuchagua.

Katika bakigamoni, kubaki nyuma hakuko hali ya namna moja. Kuna njia kadhaa za kurudi mu mchezo, na kila moja iko na bei yake. Ingine inaleta ushindi mara nyingi kidogo na hasara ndogo. Ingine inaleta nafasi nzuri ya kupiga, lakini ikikataa, mchezaji anapoteza mara mbili. Kujua tofauti ya njia hizo ni sehemu kubwa ya ufundi wa mchezo huu.

Mchezo wenyewe kwa kifupi

Bakigamoni ni mchezo wa watu wawili. Iko katika ukoo wa michezo ya zamani sana ya Mashariki ya Kati. Waajemi wanaita mchezo wao nard, Waturuki wanasema tavla, Wagiriki wanasema tavli, na kwa Walebanoni ni tawla. Kanuni zinazotumika leo katika mashindano zilipangwa New York mwaka 1931, baada ya dadu ya kuzidisha kuingia mu mchezo katika miaka ya 1920.

Ubao uko na pembetatu 24. Wanaocheza kwa Kifaransa wanaziita mishale, na jina hilo linafaa. Kila mchezaji ana kete 15. Anahesabu mishale kuanzia kwake: mshale wa 1 mpaka wa 6 ni nyumbani mwake, wa 19 mpaka wa 24 ni nyumbani mwa adui. Kazi ni kuleta kete zote nyumbani, kisha kuzitoa. Anayemaliza kutoa kwanza ameshinda.

Aliyezoea ludo ataelewa haraka: kete iliyo peke yake kwenye mshale inaweza kupigwa. Ikipigwa, inawekwa kwenye mbao ya katikati na inapashwa kuanza upya kutoka nyumbani mwa adui. Lakini mahali penye kete mbili ao zaidi, adui hawezi kutua. Kete mbili za mchezaji zikikaa pamoja nyumbani mwa adui, zinaitwa nanga. Mishale kadhaa iliyoshikwa kwa kufuatana inaitwa ukuta. Ukuta wa mishale 6 hauwezi kurukwa na dadu yoyote.

Jambo moja la mwisho, na ndilo linalotisha aliye nyuma: adui akimaliza kutoa kete zake zote 15 kabla mchezaji hajatoa hata moja, mchezo unahesabiwa mara mbili. Hiyo ni gamoni. Kama tena kuna kete iliyobaki kwenye mbao ya katikati ao nyumbani mwa adui, inakuwa mara tatu.

Kwanza hesabu, kisha mawazo

Watu wengi wanasema "niko nyuma" kwa kuangalia tu. Macho yanadanganya. Mwanzoni kila mchezaji ana hatua 167 za kutembea mpaka atoe kete zote: kete 2 kwenye mshale wa 24, kete 5 kwenye wa 13, kete 3 kwenye wa 8, na kete 5 kwenye wa 6. Kuhesabu ni kuzidisha kila kete kwa namba ya mshale wake, kisha kujumlisha. Mtupo mmoja wa dadu, kwa wastani, unaleta hatua 8 na kidogo. Kwa hiyo mtu aliye nyuma kwa hatua 8 amechelewa kama zamu moja. Si mwisho wa dunia. Aliye nyuma kwa hatua 40 amechelewa zamu tano, na huyo mbio haimsaidii tena.

Kama kete za pande zote mbili zimekwisha kupitana, hakuna tena kupigana, imebaki mbio tupu. Hapo kuna kipimo kinachojulikana. Aliye mbele kwa 8 kwa 100 ya hatua zake anaweza kuzidisha dau. Aliye nyuma anaweza kukubali mpaka upungufu wa 12 kwa 100. Kwa mfano, Nyeupe imebakiza hatua 100 na Nyeusi 110: Nyeusi inaweza kukubali. Ikiwa Nyeusi imebakiza 115, kukubali ni kutupa alama bure.

Kutokana na hapo inakuja kanuni ya kwanza: aliye mbele anatafuta kupitana na kukimbia, aliye nyuma anatafuta kubaki karibu na adui. Mchezaji wa nyuma anayekimbiza kete zake za mwisho anamsaidia mwenzake. Anavunja mahali pekee ambapo adui angeweza kukosea ao kupigwa.

Njia ya kwanza: nanga ya juu

Njia yenye usalama zaidi ni kushika mshale wa 5 nyumbani mwa adui, yaani wa 20 ukihesabu kwako. Wachezaji wanaiita nanga ya zahabu. Mshale wa 4 wa adui na wa 7 wake nao unafaa.

Kwa nini mahali hapo? Kwanza, adui hawezi kujenga ukuta kamili mbele ya kete hizo, juu mlango wa kutoka uko karibu. Pili, mchezaji hawezi kufungiwa inje: akipigwa mahali pengine, ana pa kutua. Tatu, adui anapashwa kuleta kete zake za mbali nyumbani akipita mbele ya nanga. Siku dadu zikimkatalia, ataacha kete moja wazi.

Gamoni ni chache katika njia hii. Mchezaji akikosa, anapoteza mara moja tu. Ndiyo maana mwenye kubaki nyuma kidogo, hatua 10 mpaka 30, mara nyingi anapashwa kuangalia njia hii kwanza. Lakini inaomba uvumilivu. Mkosa wa kawaida ni kuchoka kungoja na kuvunja nanga zamu moja kabla adui hajalazimika kufungua.

Njia ya pili: ukuta

Kama adui ana kete moja ao mbili bado ziko nyuma, kuna njia ingine: kuzifungia. Ukuta wa mishale 5 una nguvu sana, ukuta wa 6 ni gereza. Hapa kuwa nyuma mu hesabu inaweza hata kusaidia. Adui aliye mbele, kete zake zikifungiwa, atalazimika kusogeza zingine na kubomoa nyumba yake mwenyewe. Yule wa nyuma bado ana hatua za akiba, anaweza kungoja na ukuta wake ukiwa mzima.

Swali la kuuliza ni hili: nani ataishiwa kwanza na hatua za kutembeza? Pande zote mbili zikiwa na ukuta, aliye nyuma mu mbio mara nyingi njo mwenye nafasi nzuri, mradi kete zake mwenyewe zimefika kwenye ukingo wa ukuta wa adui. Kutoka kwenye ukingo inaomba 6 moja tu. Kete iliyo mbali na ukingo inaomba kwanza ifike, kisha ipate 6.

Njia ya tatu: kushambulia

Kupiga ni njia ya haraka ya kurudisha mbio. Kete ya adui ambayo imebakiza hatua 4 tu, ikipigwa inarudi kwenye hatua 25. Amepoteza 21, zaidi ya mitupo miwili ya dadu. Kete iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, ikipigwa, haipotezi karibu kitu. Basi kupiga nyumbani mwako hakuleti hatua nyingi. Faida yake ni kumnyima adui nusu ya zamu, juu anapashwa kwanza kuingiza kete.

Nguvu ya shambulio inategemea mishale iliyofungwa nyumbani. Mishale 3 ikiwa imefungwa, adui anaingia mara 27 kwa 36. Ikiwa 4, anaingia mara 20. Ikiwa 5, anaingia mara 11 tu. Kwa hiyo aliye nyuma na nyumba dhaifu asikimbilie kupiga ovyo. Atapiga, adui ataingia na kumpiga kwa kurudi, na sasa yuko nyuma zaidi ya mbele.

Njia ya ine: kungoja kwenye mshale wa kwanza

Mara ingine mchezaji hana nanga nzuri. Kete zake mbili zimebaki kwenye mshale wa 1 wa adui, kule mwisho kabisa, na adui ameleta zingine zote nyumbani. Hapo kuna kungoja tu: adui anapotoa kete zake, pengine ataacha moja wazi.

Njia hii inaleta ushindi kama mara 1 kwa michezo 6, na gamoni si chache. Hakuna anayeichagua kwa furaha, ni mahali mtu anajikuta. Lakini hata hapo kuna namna nzuri na namna mbaya ya kucheza. Kete zingine 13 zinapashwa kufanya kazi mbili kwa wakati moja: kufika nyumbani ili kuepuka gamoni, na kufunga mishale kwa kufuatana ili kete itakayopigwa isitoke. Anayezirundika kwenye mshale wa 1 na wa 2 anaweza kupiga na bado ashindwe, juu kete ya adui itaingia na kwenda.

Na asikate tamaa juu adui ametoa kete nyingi. Mchezaji akipiga kete moja na kuifungia kabisa kwa mishale 6, hata kama adui amekwisha kutoa 10, mchezo ni karibu nusu kwa nusu.

Njia ya tano: mchezo wa nyuma

Hii ndiyo inayopendwa na wanaopenda hatari: kushika nanga mbili nyumbani mwa adui, na kungoja. Adui anapata taabu sana kuleta kete zake, nafasi za kumpiga zinakuwa nyingi. Nanga zinazosifiwa ni za mshale wa 2 na wa 3, wa 2 na wa 4, na wa 1 na wa 3. Nanga za mshale wa 1 na wa 2 ni dhaifu, juu adui bado ana nafasi ya kutosha ya kupanga kete zake mbele yake.

Kinachoua mchezo wa nyuma ni wakati. Kete 4 zimekaa kwenye nanga, zimebaki 11 za kutembea. Kama adui anahitaji zamu 5 kabla ya kufungua, mchezaji anahitaji karibu hatua 40 za akiba kabla ya kuanza kubomoa nyumba yake. Akiwa na 20 tu, katika zamu ya tatu ukuta wake unaanza kuanguka. Siku atakapopiga, hakuna kitakachozuia kete ile. Ndiyo ajabu ya njia hii: inaomba mtu awe nyuma sana. Aliye nyuma kidogo hawezi kuicheza vizuri.

Na bei yake ni kubwa. Gamoni zinakuja mara nyingi, hata mara tatu zinakuja. Mchezaji wa busara haingii humo kwa kupenda, anaingia wakati amekwisha kupigwa mara nyingi na njia zingine zimefungwa.

Kuhesabu nafasi ya kupiga

Njia zote hizi zinaishia kwenye swali moja: adui akiacha kete wazi, itapigwa mara ngapi? Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Kama hakuna kizuizi njiani, hesabu ni hii:

Umbali wa hatua 1: mara 11 kwa 36.
Hatua 2: mara 12.
Hatua 3: mara 14.
Hatua 4: mara 15.
Hatua 5: mara 15.
Hatua 6: mara 17.
Hatua 7: mara 6.
Hatua 8: mara 6.
Hatua 9: mara 5.

Tofauti kubwa iko kati ya 6 na 7. Mpaka hatua 6, dadu moja inatosha. Kupita hapo, inaomba dadu mbili zijumlishwe, na nafasi inaanguka kutoka karibu nusu mpaka moja kwa sita. Anayengoja kwenye nanga anapenda adui apite ndani ya hatua 6. Anayepita anataka kukaa mbali, ao akishindwa, kuwa karibu kabisa.

Wakati adui anazidisha

Aliye mbele anaweza kusukuma dadu ya kuzidisha na kusema: tucheze kwa mara mbili, ao ukubali kushindwa sasa. Watu wengi wanakataa kwa woga. Hesabu inasema kingine. Chukua michezo 4 inayofanana. Anayekataa yote anapoteza alama 4. Anayekubali, akishinda 1 na kushindwa 3, anapata 2 na kupoteza 6: jumla, kupoteza 4. Ni sawasawa. Kwa hiyo mwenye nafasi ya 25 kwa 100 haharibikiwi kwa kukubali. Tena anapokubali, dadu ile inakuwa yake: yeye peke yake njo anaweza kuzidisha tena.

Lakini hesabu hiyo haina gamoni ndani. Kama kuna hatari ya gamoni, nafasi ya ushindi inapashwa kuwa kubwa zaidi ya 25. Ndiyo sababu anayengoja kwenye mshale wa kwanza kwa kawaida anakataa, na mwenye nanga ya zahabu mara nyingi anakubali.

Nyuma kwa alama, si kwa hatua

Kuna kubaki nyuma kwa namna ingine: katika mechi ya alama kadhaa. Hapo uzuri wa njia unabadilika kabisa. Mfano: mechi ya alama 7, adui ana 6 na mchezaji ana 4. Kuna kanuni ya Crawford: mchezaji anapofika alama moja kabla ya ushindi, mchezo unaofuata unachezwa bila dadu ya kuzidisha. Mchezo huo ukipita, aliye nyuma anazidisha mara moja. Hana cha kuogopa: adui anahitaji alama 1 tu, kushindwa kwa 1, kwa 2 ao kwa 4 ni kitu kimoja. Gamoni ya adui haina bei tena. Ila gamoni ya mchezaji, na dadu ikiwa kwenye 2, inaleta alama 4 na mechi yote. Hapo shambulio kali, hata mchezo wa nyuma, vinakuwa njia za akili.

Geuza sasa. Mechi ya alama 5, wote wana 3. Gamoni moja inamaliza mechi papo hapo. Nafasi ileile ya kete, dadu zilezile, lakini hapa mchezaji wa nyuma anapashwa kutafuta nanga ya juu na kukaa mbali na michezo ya hatari.

Dadu na maamuzi

Mu mwezi wa Julai 1979, huko Monte Carlo, programu ya kompyuta ya Hans Berliner ilimshinda bingwa wa dunia, Luigi Villa, kwa 7 kwa 1. Habari ilizunguka dunia. Lakini Berliner mwenyewe, baada ya kuchunguza michezo, alikubali kwamba dadu zilisaidia programu yake, na kwamba Villa alicheza kwa ufundi zaidi. Mu miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa IBM alitengeneza programu iliyojifunza kwa kucheza na yenyewe mara nyingi sana. Hiyo ilifika karibu na mabingwa kweli, na ilifanya watu wabadilishe namna ya kucheza mitupo kadhaa ya mwanzo.

Funzo ni kwamba matokeo ya mchezo mmoja hayaonyeshi kama uchaguzi ulikuwa mzuri. Mtu anaweza kuchagua vizuri na kushindwa mara 5 kwa 6. Ile ya sita njo mshahara wake. Anayeacha kuchagua hapati hata hiyo moja.

Kwa kifupi, kabla ya kusogeza kete, mchezaji aliye nyuma ajiulize maswali manne. Niko nyuma kwa hatua ngapi? Niko na nanga, na iko wapi? Nyumba yangu itakuwa bado imara siku nitakapopiga? Na gamoni hapa itanigharimu nini? Akipata majibu, njia inajionyesha. Kisha atupe dadu.